Kazi Tatu kwa Mkono Mmoja

Mkono wangu wa kulia bado hauwezi kufunga kifungo cha shati. Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la pili, na nikifika nusu ya ukurasa napumzika. Naandika kwa sababu ya mwanamke mmoja niliyemkuta mwezi uliopita kwenye benchi la mazoezi hapa Kasese. Mumewe alikuwa ameketi pembeni yake, mdomo umepinda, kitambaa kimewekwa begani kupokea mate. Yule mwanamke aliniuliza mimi na mke wangu tulipitaje katika hali hii. Zamu yangu iliitwa kabla sijaanza kumjibu. Nadhani bado yuko kwenye benchi lile, au mwingine kama yeye.

Mimi ni msafirishaji, au nilikuwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliendesha lori kati ya Bwera na Kasese, nimebeba maharage, kahawa, kakao, na vitunguu vilivyovuka mpaka kutoka upande wa Kongo. Sikuwahi kuandika kitu. Gunia la nani liko chini, la nani liko juu, nani anangojea Katunguru na nani anangojea mjini, yote yalikaa kichwani, na watu walinisifu kwa hilo. Mipango yangu mwenyewe nayo ilikaa humo humo. Nilitaka kubadilisha mabati ya nyumba ya mama yangu kule Bwera, yaliyokuwa yakivuja tangu baba afariki. Nilitaka kupanda kahawa kwenye kipande cha shamba kilicho juu ya nyumba hiyo. Nilitaka kujifunza kusoma Kurani vizuri, maana utotoni niliikimbia madrasa na uzeeni nikaona aibu kurudi. Kila mwaka nilisema ni mwaka huu.

Kiharusi kilinikuta Bwera, uwanja wa kupakia, mvua za mwanzo wa mwaka zikiwa zimeanza. Nilivuta kamba ya turubai, ikateleza. Nikaishika tena, vidole havikufunga. Nilidhani nimeulalia mkono. Nikataka kumwambia mpakiaji avute yeye, sauti iliyonitoka ikawa ya mlevi, na vijana wakacheka kwa kuwa wanajua sinywi.

Aliyeacha kucheka wa kwanza ni Kavira. Kavira ni mfanyabiashara aliyekimbia kutoka Beni, anauza vitenge na sabuni pale karibu na uwanja, na kwa miaka mingi nimembebea mizigo yake. Alikuja na stuli yake mwenyewe, akaniwekea.

"Papa Shamimu, kaa chini. Uso yako inaanguka."

Nilikaa. Sikusimama tena kwa miguu yangu mpaka juma la tatu.

Mambo ya kidaktari sitayaeleza, wako wanaoyajua. Nitasema moja tu. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimepewa vidonge vya presha, nikavimeza mpaka nikajisikia vizuri, kisha nikaviacha. Daktari aliponiuliza kuhusu vidonge hivyo, mke wangu Hadija alinitazama, nami nikatazama ukuta.

Niliporudi nyumbani Kasese nilikuta mwili usio wangu. Mguu wa kulia uliburuta vumbi. Chai ilitoka pembeni ya mdomo bila mimi kujua, mpaka Hadija aipanguse. Nilicheka msiba ulipotajwa, nikalia mbele ya sahani ya ndizi. Uchovu nao haukuwa wa kazi. Uchovu wa kazi nilikuwa naujua tangu ujana, unalala nao na asubuhi umeondoka. Huu ulikuwa unaamka kabla yangu. Kupiga mswaki kulinimaliza kiasi cha kurudi kitandani.

Kilichoniuma zaidi ni Alhamdu. Sura ambayo kila Mwislamu anaisoma hata akiwa amesinzia, mimi ulimi ulinigomea. Neno la mwisho, lile lenye dhadi, herufi nzito ya Kiarabu, lilitoka kama mtu anayetema maganda. Nikawa naswali kimya ili Hadija asisikie.

Kila Jumanne tulikwenda kwenye mazoezi. Unafika mapema, unapewa kipande cha katoni chenye namba, unakaa kwenye benchi linalotazama ukuta. Joto la Kasese mnalijua. Tulikaa pale, wenye mikono iliyokunjamana kama makucha ya kuku, wake zetu na binti zetu wakitupepea kwa kadi zetu za hospitali. Mama wa mazoezi, yule anayetusimamia, ni Mkonzo, mwenyeji wa hapa, mwembamba asiyependa maneno. Alinipa maharage kumi kwenye kikombe, niyahamishe moja moja kwenda kikombe cha pili kwa mkono ulioumia. Mara ya kwanza nilihamisha mawili. Kila nilipoketi mbele yake alianza na swali lile lile: juma hili umefanya nini? Nikimpa sababu, alingoja nimalize, kisha akauliza tena.

Mwezi wa tatu tangu niugue, Kavira alikuja kunitazama. Alikuta nimemwuliza Hadija jambo moja mara nne kabla chai haijapoa, maana kile kichwa kilichokuwa kinabeba magunia ya watu wote sasa hakikubeba hata jina la siku. Akatoa mkobani daftari jipya, yeye huliita kaye, akaliweka magotini pangu.

Akasema kwamba amekimbia mara mbili maishani, na mara zote mbili alifika ugenini akiwa na watoto, vitenge viwili na kichwa kama pori. Hakujua aanze wapi. Kwa hiyo aliandika. Kutafuta maji, kutafuta chungu, kumwona padri. Lililokwisha analikata kwa mstari. Na kila Jumapili, ambayo yeye huiita siku ya yenga, akitoka misa anafungua kaye yake kabla ya kuvua nguo za kanisani, anapitia yote. Lililofanyika analishukuru, lisilofanyika analiuliza kwa nini, lililokufa analifuta.

"Usipopitia," alisema, "kaye inakuwa karatasi ya kufungia maandazi tu."

Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa ufunguo. Nikachagua Ijumaa, baada ya swala ya mchana. Juma lile nikaandika mambo kumi na moja, mistari ikipanda na kushuka. Kwenda Bwera kupima paa. Kuulizia miche ya kahawa. Kumtafuta dereva. Kutazama breki za gari. Kuchukua vidonge. Kupata mwalimu wa Kurani. Mengine sikumbuki. Ijumaa nikamwita Hadija, nikamsomea moja baada ya jingine kwa ulimi wangu mzito, nikajiona mtu tena.

Yalifanyika mawili. Ijumaa iliyofuata, moja. Nikawa mkali. Kila Ijumaa nilimsimamisha mke wangu mlangoni na kumwuliza kwa nini hili bado, kwa nini na lile, kama afande anayekagua magari kizuizini. Nilijiambia ndiyo kanuni, lisilofanyika huulizwa.

Kiangazi kilikuwa kimeingia, vumbi limetanda mji mzima. Ijumaa moja Hadija alikuwa amechuchumaa ananikatia kucha za mguu ulioumia, kwa sababu mimi sikuweza kujikunja. Nikaanza kusoma orodha, ambayo kila lililokatwa nililijazia jingine. Nilipofika la nne alinyoosha mkono, akaomba daftari. Akaomba na kalamu. Akapita kila mstari akiweka alama ndogo pembeni, taratibu, kama mtu anayehesabu mayai. Kisha akanirudishia.

"Baba Shamimu, mambo ni kumi na moja. Tisa ni yangu mimi."

Nikatazama. Kupima paa, ni yeye angepanda gari kwenda Bwera. Vidonge, ni yeye angesimama dirishani. Dereva, ni yeye angezunguka stendi kuuliza wanaume. Yangu yalikuwa mazoezi ya mkono na mwalimu wa Kurani, na hata huyo mwalimu ni yeye angemtafuta.

"Hii si daftari yako," akasema. "Hii ni ya kunituma. Ugonjwa ni wako, lakini kazi yake yote iko kwangu. Tangu mvua sijalala mchana hata siku moja."

Hakupandisha sauti. Alimaliza kucha za mguu wa pili, akafagia, akanawa mikono. Asubuhi yake akapanda gari kwenda kwa dada yake Katunguru.

Binti yetu Shamimu anafanya kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja Mweya, na kumbe mama yake alikuwa amekwisha kumpigia simu. Akaomba ruhusa, akaja kukaa nami. Siku mbili nilimlalamikia mama yake. Siku ya tatu, akiwa anachuja uji, aliniambia, "Baba, mama hajakuacha. Amechoka tu." Nikaacha kulalamika, maana nilikuwa nikiijua habari ya uchovu kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, na sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya nyumba yangu kuna mwingine anayeugua uchovu huo huo.

Kavira alipita siku ya tano akienda sokoni Kasese kununua bidhaa. Nilimwonyesha ukurasa na zile alama tisa. Alicheka kwanza, halafu akaacha.

"Weye uliandika kazi ya bantu bengine. Andika mambo tatu tu. Ile mutu moja anaweza kufanya na mukono moja. Andika kidogo mpaka usikie haya."

Kazi ya watu wengine, alimaanisha, na kidogo mpaka nione aibu, nami niliiona. Juma lile niliandika: kujifunga kikoi mwenyewe, kuhamisha maharage asubuhi na jioni, kumpigia simu Yusufu.

Yusufu ni mdogo wangu. Anakaa Bwera, mwendo mfupi kutoka kwa mama, na ni fundi wa mapaa. Mtu atauliza kwa nini paa la mama lilivuja miaka yote hiyo. Tuligombana siku ya kugawana lile shamba la juu, nikamtamkia maneno mbele ya watu, na tangu hapo tulisalimiana msibani tu. Nilikuwa nimepanga kulijenga paa lile bila yeye, ili aone.

Hadija alirudi siku ya nane na samaki wa kukaushwa kwenye kikapu. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwomba radhi, lakini ulimi ulinichanganyia, nikaishia kumpa daftari. Akasoma mistari mitatu. Akapasha maji, akayaweka bafuni pamoja na sabuni na kigoda, halafu akatoka, akaniacha nioge mwenyewe. Kuoga kulinichukua muda mwingi wa asubuhi. Kikoi nilikifunga mara sita, kikaanguka mara tano. Nilipotoka nimekishika kwa kiwiko, yeye alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, viatu bado miguuni.

Ijumaa ile nikakata mistari miwili. Simu kwa Yusufu nikaihamishia juma lililofuata, na juma lililofuata nikaihamisha tena. Kavira alikuwa na sharti lake: jambo likipita mara tatu bila kuguswa, uliulize, unaogopa au hutaki? Nikajiuliza. Kutaka nilitaka. Niliogopa asikie sauti yangu. Maneno yale mabaya nilimwambia kwa sauti kamili, sasa nimwombe kwa hii iliyobaki.

Nilimpigia Ijumaa ya tatu, nimekaa kibarazani. Nilisema salamu, nikasema "paa la mama," sikuweza kuendelea.

"Kaka," akasema, "waliniambia umepona. Mimi sikujua iko hivi."

Alikuja Jumapili. Tuliketi, tukanywa chai, hakunitazama mdomo. Shamba hatukulitaja. Mabati niliyokuwa nimeyanunua zamani kwa ajili ya paa hilo yalikuwa yameanza kushika kutu kwa nyuma, akayageuza, akasema mengi bado yanafaa. Paa lilikwisha kabla ya mvua za pili. Mvua ya kwanza iliponyesha mama alinipigia simu, mwanamke asiyependa simu, akaniambia ameziondoa sufuria sakafuni, kisha akakata.

Sikuandika haya ili mdhani kila mstari ulikatwa. Kahawa niliifuta. Mguu huu haupandi kilima kile, na kumwandikia mtu mwingine kazi nilikuwa nimekoma. Ilibaki "kurudi barabarani," ambayo niliiandika kila mwezi kwa herufi kubwa kuliko nyingine. Jumanne moja mama wa mazoezi aliliona daftari, nikamwuliza ni lini. Aliniomba nisimame, nikanyage chini kwa nguvu na mguu wa kulia, haraka, kama mtu anayefunga breki. Nikanyaga, mguu ukachelewa. Akaniambia nirudie. Baada ya mara ya tatu hakuniambia nirudie, na mimi sikumwuliza tena. Nilifuta mstari ule pale pale mbele yake, kwa mkono wa kushoto, ukaenda mshazari. Gari sasa analiendesha mtu mwingine. Likipita barabarani nalitambua kwa mlio kabla sijaliona, na siku hiyo yote sifai kwa kitu.

Na kuna majuma yasiyo na mstari wowote uliokatwa. Nilipata homa, majuma mawili daftari halikufunguliwa. Nilipolifungua nilitamani kulitupa. Kavira aliniambia kwa simu nisilipe deni la majuma yaliyopita, nigeuze ukurasa, niandike matatu. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwalimu wa Kurani alipatikana, mzee wa msikiti wa jirani, nilimwendea mwenyewe kwa mkongojo. Alinipa aya moja kwa juma. Alinifundisha kuweka ubavu wa ulimi kwenye magego, na kila asubuhi nilikaa na kioo cha Hadija nikijitazama mdomo kama mtu anayenyoa. Ramadhani ikaingia. Kufunga nilikatazwa kwa sababu ya dawa, na kula peke yangu mchana, mlango umerudishwa, ni jambo lililonipunguza sana. Lakini katika mwezi ule ule, jioni moja, niliswali Magharibi kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu niugue, nikaisoma Alhamdu hadi mwisho, na dhadi ikatoka nzito mahali pake. Kutoka jikoni nikasikia, "Amin." Sikujua kwamba Hadija alikuwa anasikiliza siku zote zile.

Ijumaa baada ya Idi nilimwuliza Hadija swali ambalo ningepaswa kumwuliza kabla sijaugua. Nilimwuliza yeye anataka nini. Alidhani ni chakula. Nikasema hapana, mambo yako, ya kuandika. Akakunja pindo la kanga. Kisha akasema kuna cherehani ya marehemu mama yake, imekaa chumba cha nyuma chini ya magunia yangu ya turubai miaka kumi na moja. Alitaka kushona sare za shule. Aliwahi kuniambia, mara mbili, nikamjibu tutaona.

Tukafungua ukurasa wa pili kwa jina lake. Sasa Ijumaa tunapitia kurasa mbili, yeye wa kwanza. Matatu yake, matatu yangu. Kama yake hayakufanyika simwulizi, anajiuliza mwenyewe, na mara nyingine anasema tu amechoka, nami nageuza ukurasa.

Kwa yule mama wa kwenye benchi: sina dawa ya mumeo. Mwambie aandike, kama anaweza kushika kalamu, na kama hawezi, aseme nawe uandike. Lakini kabla hujaandika, mwulize kila jambo litafanywa na nani. Na lako liandike pia, hata kama ni kulala.

Jumatatu iliyopita, moja ya kazi zangu tatu ilikuwa ya ukurasa wa Hadija. Alihitaji uzi wa bluu wa kumalizia mashati ya shule moja ya hapa mjini. Kwenda sokoni kutoka kwetu ni mwendo ambao zamani nisingeuita mwendo. Nilipumzika mara tatu, mara moja kwenye ngazi za duka la mtu aliyeniletea kiti bila kuniuliza kitu. Niliununua uzi, nikauweka mfuko wa kushoto, nikarudi kwa mkongojo jua likiwa utosini. Nilipofika, shati limenigandia mgongoni. Hadija alisimamisha cherehani, akauchukua uzi, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, akauweka juu ya kitambaa.

"Hii si yenyewe," akasema. "Hii ni bluu ya ile shule ingine."

Alinitazama shati, akaenda kunichotea maji. Nikanywa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitaamka hadi jioni. Kisha nikaomba kipande kidogo cha kitambaa kama sampuli, nikakibandika kwenye daftari kwa pini, na chini yake nikaandika: uzi wa bluu iliyokoza, kesho, kabla ya jua kuwa kali.